Tope la Hausburg Tarn

Februari 2011, wakati wa kiangazi, mwalimu wetu wa jiografia alitupandisha Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru. Tulilala Mackinder's Camp, mita 4,200, tukapitia Two Tarn, kisha tukashuka upande wa magharibi hadi Hausburg Tarn, ziwa dogo la mlimani (ndiyo maana ya tarn). Kiongozi wetu alikuwa mzee mmoja aliyeanza kubeba mizigo ya wapandaji tangu ujana wake.

Juu yetu zilining'inia barafuto mbili, yaani mito ya barafu inayotambaa polepole mlimani: Cesar na Joseph. Zimepewa majina ya Cesar Ollier na Joseph Brocherel, waliofika kilele cha Batian pamoja na Halford Mackinder mwaka 1899. Enzi hizo mlima ulikuwa na barafuto 18. Tulichoonyeshwa sisi ni mabaki tu, na mabaki hayo yaliniuma.

Nilitarajia maji maangavu, nikakuta ya kijani yenye ukungu. "Zamani yalikuwa meupe kama uji mwepesi," mzee alisema.

Mwalimu alinituma nichote chupa moja, niiache bila kuitikisa. Niliizungushia sweta hemani isigande. Asubuhi mchanga ulikuwa umetulia chini, lakini maji bado yalikuwa na ukungu uleule. Hapo ndipo alipotueleza. Barafuto hutembea, na mawe yaliyoganda tumboni mwake husaga mwamba. Mto unaotoka chini yake unapoingia ziwani hupoteza kasi: changarawe na mchanga huanguka kwanza pale mlangoni na kujenga delta, lakini unga wa jiwe huendelea kuelea. Punje yenye upana wa milimita 0.002 huzama kama sentimita 20 tu kwa siku katika maji baridi. Upepo ukikoroga ziwa, huchelewa zaidi.

Kisha tukaingia ziwani kwa boti ya mpira, tukadidimiza bomba la plastiki angavu. Lilipotoka, ndani kulikuwa na tope la kijivu lenye michirizi myeusi, na juu kabisa utando laini wa kahawia. Mwalimu alitupa chembe tuzitafune kwa meno ya mbele. Zilikwaruza. Udongo wa mfinyanzi haukwaruzi hivyo.

Niliuliza kama naweza kuhesabu matabaka nirudi hadi mwaka aliozaliwa nyanya yangu. Nilikuwa nimesoma kwamba mwanajiolojia Gerard De Geer alifanya hivyo Sweden: kule kiangazi huleta tabaka jeupe la chembe kubwa, ziwa likiganda majira ya baridi chembe ndogo huzama na kuacha tabaka jeusi, na jozi moja ni mwaka mmoja. Mwalimu alitikisa kichwa. Hapa ikweta barafu huyeyuka kila mchana na kuganda kila usiku, na mvua huja mara mbili kwa mwaka. Mchirizi si mwaka. Umri hupimwa kwa kaboni iliyomo kwenye mabaki ya mimea.

Bado tope linasema mengi. Barafuto ikikua, huleta unga mwingi na tope hupauka. Ikipungua, mabaki ya mimea na mwani huzidi, tope likawa jeusi. Kwa tope la tarn hiihii, mwanasayansi Wibjörn Karlén na wenzake walisoma kukua na kupungua kwa barafu kwa takriban miaka 6,000, wakachapisha mwaka 1999. Nilitetemeka kusikia hivyo, na haikuwa kwa baridi.

"Basi huu utando wa juu ni barafu inayokufa?" mzee aliuliza.

"Tusiharakishe, mzee wangu. Huenda ni mwani wa msimu huu tu. Maabara ndiyo itakayosema."

"Na barafu ikiisha yote?"

"Unga hautakuja tena."

Mzee aliuliza ujana wake uko wapi ndani ya bomba. Mwalimu alimkadiria sentimita chache kutoka juu. Bomba lilipaswa kubebwa likiwa wima, matabaka yasichanganyike. Vijana wa mizigo walijitolea. Mzee aliwakatalia, akalibeba mwenyewe hadi Mackinder's Camp.