Jinsi nilivyoponya vitufe vya sufu vilivyojaa nyufa

Sikukuu ilikuwa imebaki wiki mbili, na kila kitufe (yaani kimpira kidogo) cha sufu nilichofinyanga kwa maji na sabuni kilitoka na mikunjo kama ubongo. Hamna zawadi hapo.

Kwanza niliilaumu sufu. Kweli, ile iliyotiwa dawa ili isisinyae ikifuliwa kwa mashine haishikamani hata ukiisugua mpaka kesho, kwa kuwa magamba madogo ya nywele zake yamelainishwa au kufunikwa. Lakini yangu ilikuwa sufu ghafi iliyochambuliwa. Kosa lilikuwa mikono yangu.

Nilikuwa nakunja fungu nene kwa mkupuo mmoja, namimina sabuni nyingi, kisha naminya kwa nguvu. Tabaka la nje la kitufe likakaza kabla ya kiini, likajikunja.

Sasa navuta nyuzi nyembamba, karibu uone mwanga kupitia kwake, nazizungusha tabaka kwa tabaka, kila moja ikikatiza iliyotangulia. Maji ya moto kiasi mkono unavyostahimili, sabuni matone machache. Dakika za mwanzo naviringisha bila kukandamiza kabisa, kama nimeshika yai bichi (hapa ndipo subira yangu huisha). Uso ukishashikana, ndipo naongeza nguvu.

Vile vilivyopasuka sikuvitupa. Niliviacha vikauke, nikafunika ufa kwa sufu kidogo na kuidunga kwa sindano yenye vijino. Damu ilinitoka mara mbili, ila ufa hauonekani.