Kupanda majabali ya Mwanza bila kuteleza

Kama hujawahi kupanda vilima vya Mwanza, anzia Capri Point. Ni jirani na katikati ya mji, na jioni unaliona jua likizama ng'ambo ya ghuba. Machweo huku ni karibu saa moja, kwa hiyo saa kumi na moja uwe umeshaanza kupanda, na tochi iwe mfukoni. Simu huisha chaji kwa kupiga picha.

Mawe haya ni graniti, yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yakiwa makavu, chembe zake hushika raba vizuri ajabu. Kandambili ziache nyumbani.

Watu wengi huanguka kwenye ile mistari myeusi inayoshuka jabalini. Hiyo ni njia ya maji ya mvua, imeota ukoga, na ikilowa ni sabuni tupu. Ipite pembeni. Jihadhari pia na magamba: jua la mchana na baridi ya usiku hulibambua jabali kama kitunguu. Gonga kwa kisigino. Likilia kama mtungi mtupu, usilikanyage. Kokoto zilizomeguka nazo huviringika kama gololi, hasa wakati wa kushuka. Shuka ubavuubavu, magoti yamekunjwa kidogo.

Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri. Masika, ukisikia radi ziwani, teremka mara moja.

Pimbi watakuchungulia kwenye nyufa. Usiwape chakula, wanang'ata.