Ile ritani yangu ya 2021

Hii ilikuwa Juni 2022, ile wiki ya mwisho kabla ya tarehe 30, mwisho wa kupeleka ritani za kodi hapa Kenya, wakati kila saiba imejaa watu na P9 mkononi, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka. Mimi zangu zilikuwa mbili. Mwaka 2021 niliachishwa kazi mwisho wa Agosti, Septemba na Oktoba nikakaa tu nyumbani, Novemba nikapata kwingine. P9 ya kazi ya kwanza niliifuata kama mtu anadai mahari, leo HR hayuko, kesho ataituma, mpaka nikaenda kukaa risepsheni nikakataa kutoka.

Shemeji yangu ndiye hufanyia watu ritani kwa saiba yake. Akaangalia hizo karatasi akasema, "Tuweke nil tumalizane." Nil ni ya mtu hakuwa na mapato, sasa aje na mimi nimekatwa PAYE, ile kodi ya mshahara, miezi kumi? Nikamwambia nipishe hapo kwa kiti. Nikaingia iTax, ile tovuti ya kodi, na PIN yangu, nikajibu ile hesabu ya darasa la pili wanakuuliza, nikadownlodi fomu ya Excel nikaruhusu makro. Kwa ukurasa wa F unaweka mshahara, kila mwajiri na PIN yake, kwa M kodi waliyokata, ukifika T inapiga hesabu yenyewe.

Sasa pale T ikatokea namba na alama ya kutoa mbele yake, 15,000 na ushee, yaani pesa ya kurudishiwa. Shemeji akaruka, eti nimeharibu, nirudie. Wapi! Mwaka huo wa 2021 mwajiri alikuwa anakata mwezi kwa mwezi, shilingi 24,000 ya kwanza asilimia 10, 8,333 inayofuata 25, inayobaki 30, halafu anakupunguzia relifu, ile nafuu ya kodi, ya 2,400. Ile miezi miwili bila mshahara hakuna mtu alinihesabia hayo yote, lakini fomu inaangalia mwaka mzima, relifu yote 28,800, kwa hivyo nilikuwa nimekatwa zaidi, na nina hakika kuna watu kibao walibadilisha kazi na hawajui hii kitu.

"Utaletewa watu wa kukagua, shemeji, wacha hiyo pesa." Mimi huyo nikaweka akaunti ya benki, nikabonyeza Validate, ikatoa zip, nikaipakia, nikaprinti risiti. Akanilipisha kompyuta na karatasi kama mteja yeyote.

Siku hela iliingia nikakosea kumwambia dada yangu. Kabla ya jioni jamaa amepiga: "Shemeji, lakini si ulitumia mashine yangu?"