Kupiga picha safarini, Dar hadi Iringa: mambo huanzia kwenye kiti

Picha ya dirishani huharibiwa na kioo kabla kamera haijakosea. Ndiyo maana mimi huanza kazi wakati wa kukata tiketi: naomba kiti cha dirishani, upande wa mlango, katikati ya basi. Juu ya tairi za nyuma mtetemo hauvumiliki. Upande huo unatazama ukingo wa barabara, na kati ya Mei na Agosti jua la mchana huwa kaskazini, mgongoni mwako. Desemba jua limehamia kusini, kwa hiyo nakaa upande wa dereva, ingawa malori yanayokuja yatakukatia nusu ya picha.

Kioo nakifuta kwa ndani. Vumbi la nje naliondoa basi linaposimama watu wale. Mtandio mweusi naufunika juu ya kichwa na simu pamoja ili shati langu lisijitokeze kwenye kioo. Jirani atakushangaa, mwache. Lenzi isiguse kioo, itadaka mtetemo wote. Acha nafasi ya upana wa kidole. Mwenye kamera avue filta ya polaraiza, ile ya kupunguza mng'ao, maana vioo vya basi huonyesha mabaka ya rangirangi kupitia filta hiyo.

Halafu kasi. Basi la kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Ukiacha shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, kwenye 1/60 ya sekunde, basi limesogea sentimita 37 kabla picha haijafungwa. Kwenye 1/1000 ni sentimita 2 tu. Kwa simu naingia sehemu ya Pro, naweka S (ndiyo shata) kwenye 1/1000, na fokasi, yaani umbali unaotoka wazi pichani, naisukuma mwenyewe hadi mwisho wa mbali, la sivyo itang'ang'ania doa la kioo. Vitu vya karibu naviacha vipite: simu husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo nguzo iliyosimama wima hutoka imeinama kama mlevi. Kuanzia mita 20 kwenda mbele ni salama.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara inakatiza kama kilometa 50, nasubiri matuta. Basi likipunguza mwendo, hapo ndipo twiga au tembo anapatikana. Ukifika kwenye mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, vitunguu vyekundu vinauzwa kando ya njia, na muuzaji anayekimbilia dirishani ni picha kuliko mbuyu wenyewe.

Mlima Kitonga ndio shule ya malori. Yanatambaa kwa gia nzito, 1/250 inatosha, na maandishi ya nyuma yanasomeka hadi nukta. Ukiona matawi mabichi yametandazwa barabarani, ujue mbele kuna gari limeharibika. Matawi yakikaa mbele na lori nyuma yake, picha inajieleza. Lakini ipige ukiwa ndani ya basi, usishuke kwenye kona.

Gari lililoegeshwa lina kanuni zake. Nachuchumaa hadi usawa wa taa, narudi nyuma hatua saba au nane, halafu natumia lenzi ya 2x, ya kuvuta mara mbili. Ukisogea karibu na lenzi pana, bampa linavimba kama shavu lenye jino bovu. Dereva akiwa mwelewa, namwomba akate usukani kuelekea upande usio wangu ili rimu initazame. Bodi jeusi lisipigwe saa sita; litakuonyesha wewe na mawingu, gari lenyewe hulioni.

Kwenye mizani, vizuizi vya polisi na kambi za jeshi simu inaingia mfukoni. Ilula, kwenye Fuso za matenga ya nyanya, naanza na utingo: "Habari za kazi, kaka, naomba nipige mzigo." Mara nyingi atakubali, kisha atapanda juu ya matenga na kukunja mikono. Mpige hivyo kwanza, mtumie papo hapo, ndipo umwombe arudi kufunga kamba kama alivyokuwa. Hiyo ya pili ndiyo uliyoifuata.