Siku niliyolambishwa unga Kisarawe

Leo Jumanne na miguu bado sio yangu. Ngazi za ofisini nashuka kiubavubavu kama kaa, mlinzi wa getini kaniuliza dada vipi, ajali? Nikamwambia hapana, nilikimbia juzi. Akaniuliza, ulikuwa unakimbia nini? Hapo nikaona jibu fupi sina, nikacheka tu nikapita, lakini lunchi hii nimejifungia chumba cha mafaili naandika kabla sijasahau, mana na simu iliyopigwa asubuhi nayo ni stori yake, ntaifikia.

Mnaonijua mnajua mi sio mtu wa mbio. Shule ya msingi, Temeke, mchakamchaka wa alfajiri ulikuwa unanipa homa kabisa, wenzangu wanaimba huku mbele mi nimebaki na mwalimu wa zamu ambaye anakimbia nyuma makusudi na fimbo yake, wa mwisho ndo wake. Ukubwani nikajaribu jogingi klabu ya mtaani kwetu, zile za Jumapili asubuhi, tisheti za rangi moja, mnashika barabara kwa mistari mnaimba na kupiga makofi, mbele kuna mtu wa filimbi. Raha sana ile, sitaki kuisema vibaya, ila mistari ndo ilinishinda. Ukiachwa hatua tano unaonekana, ukiachwa hatua hamsini unakuwa mwananchi wa kawaida tu uliyevaa tisheti ya klabu unatembea peke yako Barabara ya Mandela saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na makonda wanakuita Buguruni, dada, Buguruni.

Asa hili kundi la sasa ni habari nyingine. Tunakimbia maporini na mashambani, Jumapili mbili kwa mwezi, Pugu, Kisarawe, Mabwepande, siku nyingine tunavuka Kigamboni mpaka Kimbiji kule. Njia haina kibao wala ramani. Kuna mtu katangulia asubuhi ile ile na mfuko wa unga, kila baada ya hatua kadhaa anadondosha konzi moja chini, nyie mnafuata madoa meupe. Huyo anaitwa sungura. Sisi wengine kwa Kiingereza tunaitwa mbwa wa kuwinda, ila jaribu kumuita mtu mzima mbwa hapa Dar uone, kwa hiyo kwetu tunaitwa wasakaji na yameisha.

Mtindo wenyewe sio wetu. Mzee wetu mmoja, mstaafu wa reli, kila akija mgeni lazima amsimulie kwamba ulianzishwa mwaka 1938 Kuala Lumpur na Waingereza waliokuwa wanafanya kazi kule, wakauita Hash House Harriers kwa utani, kutokana na kantini waliyokuwa wanakula chakula kisichokuwa na ladha. Enzi hizo nchi yenyewe inaitwa Malaya, na hapo kila mara basi zima linacheka, mzee anasubiri tumalize anaendelea, "nasema nchi, jamani, nchi." Anasema walipokuja kusajili chama mwaka 1950 waliandika kabisa kwenye malengo kwamba wanataka kutoa uchovu wa pombe za wikiendi na kupata kiu kisha kuikata kwa bia. Sasa hivi makundi ya hivyo yako miji mingi tu duniani. Letu nusu hawanywi, kiu tunaikata na madafu, Mungu anajua tumejitahidi.

Kilichonishika mimi lakini sio historia. Ni mduara.

Iko hivi. Ukifuata madoa unafika mahali unakuta mduara wa unga chini, mana yake njia imekatika hapo, itafuteni. Inaweza kuwa kushoto, kulia, nyuma kidogo, popote. Wale wenye mapafu yao wanatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe, mmoja anakuta doa, la pili, la tatu, anapiga kelele "ipooo!" anaongeza mwendo, mara anakuta alama ya X, mana yake umeliwa, hii ya uongo, rudi. Anarudi kichwa chini. Wakati huo mi ndo nafika, nahema, nakuta watu wote wamerudi mduarani wanakuna vichwa. Sijaachwa! Mwenye mbio kakimbia kilomita kumi, mi nimekimbia sita, na tumesimama sehemu moja tunagawana maji. Mara ya kwanza lilivyotokea nilidhani wamenisubiri kwa huruma, nikaomba samahani. Kaka mmoja akaniambia hakuna aliyekusubiri, njia ndo imekusubiri.

Hiyo sentensi nimekaa nayo mwaka mzima. Mana wamenipa jina la Mwendokasi, kwa kejeli, nalipenda, ila nilikuwa natamani nijue inafanyikaje, yani mtu anakaaje anapanga njia ambayo mimi na yule kijana wa mbele tufike pamoja bila yeyote kujua kabebwa. Ndo nikajitolea kuwa sungura. Jumapili iliyopita ilikuwa yangu.

Wiki nzima nimehangaika. Jumamosi ya kabla nilipanda daladala mpaka Gongo la Mboto, nyingine mpaka Kisarawe, nikatembea na kaka mmoja wa kundini, tumwite Bonge, kuangalia vichochoro. Msitu wenyewe wa Pugu na Kazimzumbwi una taratibu zake za kuingia, kwa hiyo njia nyingi sisi tunazipitisha pembeni, mashambani, mikorosho na mihogo, unauona msitu unakufuata upande mmoja kama ukuta. Ni msitu mkongwe ule, kuna viumbe vya ajabu humo, sange mmoja mweusi mgongoni na mwekundu ubavuni, ana pua ndefu kama mrija, tulimuona sekunde mbili tu akachomoka kwenye majani makavu, Bonge kaapa ni panya wa kijini. Tukaongea na mwenyekiti wa kitongoji, akasema hamna shida, karibuni, ila msikanyage mihogo. Nikaona nimemaliza. Kumbe.

Unga nilichukua kwa Mangi, kilo nane, ule wa sembe ulioingia wadudu, kaniuzia bei ya bure. Akaniuliza wa nini, nikamwambia wa kumwaga chini. Hakuuliza tena.

Jumapili saa kumi na moja na nusu tumeshafika. Novemba hii mvua za vuli zimeanza kidogo, udongo mwekundu umeshikana vizuri, mabibo yamejaa chini ya mikorosho yameshaanza kuchacha, harufu ile ya kulewesha, nzi kibao. Nawaambieni ukweli, kumwaga njia peke yenu alfajiri ni kazi moja ya upweke mtamu sana. Kila konzi unajiuliza, mimi nikiwa nimechoka nimeinama naangalia miguu yangu ntaliona hili doa? Hapa pana kilima, wepesi watapaa, haya tuweke mduara juu, tuwapeleke chini bondeni kwa uongo mita mia tatu, wapande tena. Nilikuwa nacheka peke yangu. Sungura wa hadithi za bibi nilimuelewa juzi hiyo ndo kwanza, hana mbio wala meno, anachofanya ni kuwahi kufika na kufikiria.

Tumefika njia panda moja, katikati ya shamba la mikorosho, vinjia vinne vinakutana safi kabisa, mahali pa mduara pameumbwa. Nikachora mduara mkubwa, wa unga mwingi, naurembesha.

"We mwanamke!"

Nikageuka. Mama mtu mzima, khanga mbili, jembe begani. Bonge alikuwa pembeni yangu, sijui alienda wapi. Na ndo pale akili ikanirudia. Njia panda. Unga mweupe. Mduara. Alfajiri. Mwanamke asiyejulikana. Mtoto wa Temeke mimi, nimekua naambiwa usikanyage kitu njia panda, na sikuunganisha hata kidogo!

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unanifanyia nini shambani kwangu?"

Nikaanza kueleza. Michezo, mazoezi, kundi, mwenyekiti anajua. Kadiri ninavyoeleza ndivyo naonekana muongo, hivi nani mwenye akili timamu anatoka Dar kuja kumwaga unga ili watu waukimbilie? Nikasema mama, huu ni sembe tu. Akashusha jembe, akaniangalia muda mrefu, akasema taratibu, "Kama ni sembe, ulambe."

Kwenye mfuko nikapeleka mkono. "Sio huo. Huo hapo chini."

Nikapiga magoti jamani. Nikachota kwenye mduara wangu mwenyewe, na udongo wake na wadudu wake, nikalamba. Nikameza. Akasubiri kama vile dakika nzima aone kama ntaanguka. Nilipobaki hai akakaa juu ya kisiki akacheka mpaka khanga ikamdondoka kichwani, halafu akanuna ghafla, "Sasa unga wa kula mnamwaga chini, nyie watoto mmeshiba sana huko mjini." Hilo sikuwa na la kujibu, na sina mpaka leo. Nilisema una wadudu, akasema unapepetwa. Kweli unapepetwa. Nimependekeza kwenye grupu tuhamie pumba za mpunga au maranda ya mbao, hatujakubaliana, wanasema pumba hazionekani.

Bonge akatokea, ati alienda kujisaidia. Mama akatuuliza njia inaelekea wapi, nikamuonesha, akasema huko mnapotaka kupita pana upupu, watoto wa watu watajikuna mpaka Krismasi, pitieni hapa nyuma ya nyumba yangu, mnashuka kwenye miembe, mnatokea kisimani. Njia aliyotupa ilikuwa nzuri kuliko zote, kivuli mwanzo mwisho, mi na ramani zangu za simu nisingeiona hata kwa miaka mitatu. Akaomba namba yangu, nikampa.

Watu wakaja saa moja, ishirini na sita. Mi nikakimbia nao nyuma, sungura ana ruhusa, nikijifanya sijui kitu. Kilima kikawala kama nilivyopanga, tumefika mduara wa juu na wa kwanza wote wako bondeni wanapanda wanatukana. Kulikuwa na dada mgeni, mnene kidogo kama mimi, siku yake ya kwanza, anatembea zaidi ya kukimbia. Alivyofika akakuta watu wote wamesimama akasema, "Samahanini jamani kwa kuwachelewesha." Nilijikaza nisiseme kitu. Yule kaka wa mwaka jana akaniangalia, nikaangalia pembeni.

Halafu tukafika njia panda kwa mama. Mduara haupo. X ya upande wa kulia haipo. Doa hata moja halipo, na kuku wa mama kama kumi na tano hivi wanapangusa midomo, mmoja mweupe amesimama katikati pale pale nilipopiga magoti. Wametembea na njia nzima, wamekula mpaka nyuma ya nyumba. Ikabidi sungura nijitokeze nioneshe watu kwa kidole, aibu, lakini yule kijana wetu wa mbele kabisa alishapita zamani, kulia, kwenye njia ya uongo ambayo sasa haikuwa na X ya kumwambia rudi.

Tumemaliza, tumekunywa madafu, nimemwagiwa maji kichwani kama desturi ya sungura mpya, tumekula mihogo ya kuchemsha ya mama na chumvi na pilipili (tulilipa, alikataa, tukaacha kwa mjukuu), tumehesabu watu. Ishirini na tano. Simu yake haipatikani. Nusu saa. Wengine wameshaanza kuniangalia vibaya ndo bodaboda ikatokea kwenye vumbi, kijana amekaa nyuma, ametokea Pugu Kajiungeni huko, alikimbia akijua anaongoza. Cha kwanza kaniambia, "Dada Mwendokasi, mlipe huyu elfu tano." Nikalipa.

Sasa simu ya leo asubuhi. Niko kwenye kikao, namba ngeni, nikatoka nje nikapokea. Ni mama. Salamu ndefu, watoto, kazi, mvua huko mjini. Halafu akasema yule kuku wake mweupe anaharisha tangu Jumapili jioni.

"Nikakumbuka na wewe ulikula," akasema. "Hali yako vipi, mwanangu?"

Nikamwambia, mama, tangu jana niko hivyo hivyo.