HiAce yenye pua: nilivyoitafuta injini chini ya siti

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikilisema vibaya gari ambalo sikuwahi hata kuligusa. Tangu Toyota ilipoizindua HiAce ya kizazi cha sita nchini Ufilipino mwezi Februari 2019, kila picha yake iliyonifikia kwenye simu niliijibu kwa maneno yaleyale, kwamba haisi yenye pua, yaani boneti inayochomoza mbele ya kioo, si haisi. Jumamosi iliyopita nilikwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, kumpokea dada yangu, nikaikuta moja, nyeupe, ndefu, ya paa la juu, imeegeshwa kivulini ikisubiri watalii, na sasa sina budi kuifuta nusu ya kauli yangu.

Msomaji asiyezijua haisi huenda akashangaa pua inanikera nini. Haisi zote nilizokulia nazo hapa Moshi, zile za miaka ya tisini na hizi za umbo la kisanduku zilizoanza kutoka mwaka 2004, zina injini chini ya siti za mbele. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akinipakata katikati, juu ya injini, tunapokwenda Marangu, na kuanzia Himo gari linapoanza kupandisha, siti hiyo ilikuwa ikipata joto mpaka mapaja yanaloa jasho. Fundi akitaka kupima oili humteremsha kwanza abiria wa mbele, akafyatua vifungo, akaikunja siti kwa nyuma, na injini akaikuta imekaa humo kama sufuria jikoni. Ni kero, nakubali. Hata hivyo, kwa sababu injini haikupewa nafasi yake peke yake, gari zima kuanzia kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma linabaki kuwa la watu na mizigo. Haisi yangu haifiki mita tano, nayo imekwisha kubeba sofa la watu watatu na meza yake, mlango ukafungwa.

Nilimwamkia dereva, mzee mmoja mpole aliyekuwa akifuta vioo, nikamwomba ruhusa ya kuchungulia ndani. Akanikaribisha kwenye siti yake. Kabla sijatazama usukani wala dashibodi, mkono wangu ulikwisha kuteremka wenyewe chini ya siti kutafuta kifyatulio, kwa mazoea tu, ukakuta zulia.

"Mangi, unatafuta nini humo?" aliuliza.

"Injini, mzee."

Alicheka mpaka akaegemea mlango, kisha akazunguka mbele na kufungua boneti. Ni boneti fupi, na sehemu ya nyuma ya injini imeingia chini ya kioo, kwa hiyo sidhani kama mafundi wetu wataifurahia kazi ya huko ndani. Kijiti cha oili lakini kiko wazi, na hakuna abiria anayeteremshwa. Injini yenyewe si ngeni: ni ile dizeli ya turbo ya lita 2.8 ambayo Toyota inaifunga pia kwenye Hilux na Prado, jambo ambalo kwa mtu anayehofia vipuri ni nusu ya faraja.

Kilichonibadilisha, hata hivyo, ni kile kiti. Katika haisi yangu dereva anakaa juu ya tairi la mbele, na ndiyo maana kila tuta la barabara ya Arusha linapanda moja kwa moja hadi kiunoni. Katika hii mpya tairi liko mbele ya miguu yako, na kati ya tairi la mbele na la nyuma kuna mita 3.86, wakati yangu ina mita 2.57 tu. Mzee aliniambia kwamba siku hizi akitoka Karatu hadi hapa anashuka bila kujinyoosha mgongo. Kisha akagonga boneti kwa kidole na kusema kwamba kwenye gari lake la zamani kilichokuwa mbele ya magoti yake ni bati na taa, basi. Sikuwa na la kumjibu, maana kila mwenye haisi ameliwaza jambo hilo anapokutana uso kwa uso na lori linalopita jingine.

Pamoja na hayo, sitaki mtu aniambie kwamba hiki ndicho kifodi, yaani daladala letu, cha kesho. Nililipima gari lile kwa hatua, nikapata takribani mita 6, na ninajaribu kuliwaza likigeuza kwenye vichochoro vya Majengo huku konda akigonga bati na bodaboda zikipita pande zote mbili. Halafu kuna hesabu ya soko. Haisi zetu nyingi huja zikiwa zimetumika Japani, na huko Japani kwenyewe HiAce inayouzwa kwa jina hilo imebaki kuwa ya kisanduku. Umbo hili jipya waliliuza kama Granace, gari la kifahari la watu wachache. Kwa hiyo melini zitaendelea kushuka zile za zamani, na anayeitaka ya pua atalazimika kuinunua mpya, kwa bei ambayo kampuni ya utalii inaweza kuimudu na mimi siwezi.

Dada yangu alitoka na masanduku mawili, akatukuta tumeinama chini ya gari, mimi na yule mzee, tukizitazama springi za nyuma, zile za vyuma bapa vilivyopangana, ambazo kwa bahati nzuri hawakuziondoa. Ilibidi aniite mara mbili. Tulipofika Kwa Sadala alijigeuza kwenye siti, akavuta kanga aliyokuwa ameiweka mapajani na kuikalia.

"Kaka, hii siti bado inaunguza?"

"Bado," nikamwambia.