Paja la Kuku Lushoto

Julai 2018 niliomba likizo kazini, nikapanda basi Ubungo kwenda Lushoto bila mtu. Nyumbani kwetu Sinza jambo hilo lilihitaji maelezo. Kaka alitaka kujua nani ananisubiri huko. Mama hakuuliza, alinifungia maandazi ya kutosha watu wanne, maana kwake safari ya mtu mmoja haipo.

Pale Mombo basi linaacha barabara kuu na joto lake, linaanza kupanda kona kwa kona, na abiria wanafunga madirisha mmoja mmoja. Mimi nilikuwa na sweta langu la ofisini, la kujikinga na kiyoyozi. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Julai sweta hilo ni pambo tu.

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mama mtu mzima. Aliitikia shikamoo yangu huku akichungulia nyuma yangu.

“Uko peke yako, mwanangu?”

“Ndiyo, mama.”

Akashusha sauti. “Umefiwa?”

Nikamwambia nimekuja kupumzika. Hakuridhika, ila aliniongezea blanketi. Nadhani aliniombea pia.

Kesho yake nilitembea hadi Irente, mahali mlima unapokatika ghafla na chini unaona Mazinde, mashamba ya mkonge, na mabasi ya Arusha madogo kama punje za mchele. Wengi husimulia kwamba pale roho hutulia. Yangu haikutulia. Nilishika simu nikitafuta wa kumwambia “njoo uone”, na sikumbuki kuwa mpweke kama nilivyokuwa saa ile.

Kilichonigeuza ni chakula cha usiku.

“Kuku yupo, dada. Nikuletee kipande gani?”

Nikakosa jibu. Kwetu tuko wengi: firigisi ni ya baba, mapaja ni ya wageni na kaka, na mimi tangu utotoni nimekuwa mtu wa “chochote tu”. Nilikuwa na miaka 34 na sikujua napenda kipande gani cha kuku!

Nikasema paja. Likaja na ndizi za kukaanga na kachumbari. Nikala kwa mkono, taratibu, bila kuangalia nani hajapata, bila kuitwa jikoni katikati ya tonge. Nikalitafuna mpaka mfupa. Tamu. Ndiyo maana kaka hakuwahi kuniachia.

Nikaagiza la pili.

Siku zilizobaki nililala hadi jua linapanda, nikanywa chai barazani nikitazama ukungu ukiondoka, simu nikiiacha chumbani. Mama mwenye nyumba alipita mara kadhaa kuhakikisha silii.

Mwaka uliofuata mdogo wangu alisikia najiandaa tena, akaomba tuongozane. Nikamwambia aende yeye Julai. Mimi ningekwenda Agosti.